Nafasi ya Kambale

Siku waliyoniaga kazini, baada ya Fanta na hotuba za watu ambao hawakuwahi kunisikiliza nilipokuwa bado nina ofisi, kijana mmoja wa idara yetu aitwaye Christian alinivuta pembeni. Alikuwa na swali lililomkaa kooni tangu aajiriwe. Alisema katikati ya programu tunayotumia kutafutia watoto kuna mstari wa maelezo ambao kila fundi anayekuja anaogopa kuufuta. Mstari wenyewe unasema: "Usisimame hapa. Ni nafasi ya Kambale."

"Mama Aline," akaniuliza, "huyu Kambale alikuwa chef wa zamani? Sisi tunawazaka alikuwa na bureau yake hapa."

Nilicheka mpaka Fanta ikanipalia. Nikamwambia hapana, Kambale hakuwahi kuwa chef, yaani mkubwa wa ofisi, wala hakuwahi kuingia ofisini kwetu, na kwamba nikifika nyumbani nitaandika habari zake. Basi haya ndiyo niliyomwahidi, na ninyi wengine mnaokaa sasa kwenye viti vyetu someni naye. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo vingi nilivipata kwa sababu aliyekuwa mbele yangu alikimbia vita, na mishahara ilichelewa sana hata haistahili kukumbukwa.

Niliingia kazini wakati ule wakimbizi walipovuka mpaka kwa wingi hadi Goma ikakosa mahali pa kukanyaga. Nilikuwa msichana kutoka upande wa Bukavu, nikikaa kwa mjomba wangu katika mtaa wa Murara, nimesomea hesabu kidogo na kuchapa sana. Ofisi ilikuwa nyumba ya mawe yenye bâche, yaani turubai, juu ya paa. Kazi yetu ilikuwa kuandika watoto waliopotezana na wazazi wao njiani, kuandika wazazi waliopotezana na watoto, halafu kuwatafuta wa huku kati ya wa kule. Kuisema ni rahisi. Watoto walijaa uani, wengine wadogo kiasi kwamba ukiwauliza jina la baba walijibu "Papa" na kukushangaa kwa kutojua jambo dogo kama hilo.

Kompyuta ilikuwa moja. Ilikuwa na skrini nyeusi yenye herufi za kijani na onduleur, kile kisanduku cha kuihifadhia umeme, iliyolia kama mbuzi kila umeme ulipokatika, maana yake ililia siku nzima. Aliyeisimamia alikuwa Muzee Bahati, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye zamani alifanya kazi katika benki mpaka benki ile ikafunga milango bila kuaga. Alikuwa mkali na mwenye dharau kwa uvivu, na mimi nilimwogopa kuliko nilivyowaogopa askari. Nilichojua baadaye katika kazi hii, kwa sehemu kubwa nilikipata kwake, na mpaka leo nikikosea kitu namsikia akikohoa nyuma yangu.

Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa chochote. Alinituma madukani Birere nikatafute betri za radio. Nikazunguka, nikarudi mikono mitupu, nikamwambia hakuna.

"Hakuna ya namna gani?" akaniuliza.

Sikumwelewa. Akanikalisha chini, akataka nimweleze kila duka. La kwanza, nikamwambia, linauza vitenge tu. La pili linauza betri, na mahali pake kwenye rafu papo, lakini zimekwisha. La tatu mwenyewe hakuwepo. Shemeji yake alikuwa amekaa mlangoni, akanijibu hakuna bila kuinuka.

"Unaona," akasema Muzee Bahati. "Wote walikuambia neno moja, lakini ni hakuna tatu. Wa kwanza hana hata mahali pa kuweka betri. Wa pili ana mahali, hana kitu. Wa tatu hakuangalia. Mashine nayo itakuambia hakuna kila siku. Usiikubalie mara moja. Iulize kwanza ni hakuna gani."

Kwa wasio wa fani nieleze kidogo, kisha sitarudia. Programu huweka habari za mtoto katika kitu tunachokiita kamusi. Ndani yake kuna funguo, kama vile jina, kijiji, jina la mama, na nyuma ya kila ufunguo kuna thamani yake. Ukiomba ufunguo ambao haumo kabisa, huyo ndiye mwuza vitenge. Ukiomba ufunguo uliomo lakini nyuma yake hakuna kitu, unarudishiwa null, yaani tupu. Hiyo ndiyo rafu iliyokwisha betri. Programu inayoanguka kwa kelele ikikosa ufunguo ni rafiki yako, maana unajua imeumia wapi. Ile inayopokea tupu, ikanyamaza na kuendelea na safari kana kwamba hakuna lililotokea, hiyo ndiyo adui. Miaka yangu yote ya kazi nilipigana na hiyo inayonyamaza.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya kuchekesha. Muzee Bahati aliandika programu ya kukusanya pamoja watoto wenye mama mmoja, ili ndugu wasitawanywe kwenye familia tofauti. Tukaiendesha. Ikatoa mama mmoja aliyekuwa amezaa watoto kutoka Masisi, Rutshuru, Walikale, Kalehe na ng'ambo ya mpaka, wengi wao wakiwa wa umri mmoja. Jina lake Néant.

"Huyu mama," akasema Muzee Bahati akifuta miwani, "amezaa kambi nzima."

Mama Néant alikuwa ametengenezwa na Papa Kakule. Papa Kakule ndiye aliyekuwa mchapaji wetu mkuu, mtu wa Butembo, aliyevaa kofia ya manyoya mvua na jua, na ambaye zamani alikuwa karani wa chefferie, ofisi ya chifu. Mnajua ofisi zetu zilivyo. Karani aliyelelewa vizuri haachi nafasi wazi kwenye karatasi, kwa sababu kesho mtu mwingine atajiandikia humo shamba, mke au cheo. Pasipo na kitu anaandika Néant, yaani hakuna, anapiga mstari na kulala usingizi. Papa Kakule aliihamisha desturi hiyo kwenye mashine. Mtoto asiyejua jina la mama yake aliandikiwa Néant, na mashine, ambayo haijui Kifaransa wala lugha nyingine yoyote, ikaamini kuwa ni jina la mwanamke.

Tukasafisha. Tukaifundisha programu kwamba Néant si mtu. Nami nikapewa kazi ngumu zaidi, ya kumfundisha Papa Kakule.

"Papa," nikamwambia, "kisicho na kitu, kiache wazi."

"Wazi kabisa?"

"Wazi kabisa. Hata kistari usiweke."

"Mama, nafasi wazi inaniwasha mikono."

Lakini alikuwa mtu wa neno lake. Tangu siku hiyo hakujaza tena mahali pasipo na kitu. Yakumbukeni maneno hayo niliyompa, kwa sababu miaka ilipopita yalirudi kwangu.

Vita vikaja, vikaenda, vikarudi na majina mapya. Nitayapita haraka kwa sababu kila mtu wa Goma ana yake na yanafanana. Siku ofisi iliporwa walichukua viti, milango na hata ile onduleur, nikamwonea huruma atakayelala nayo. Disquette zetu hawakuzipata. Zilikuwa zimetoka zikiwa chini ya majani ya sombe kwenye kapu langu mimi Mama Aline, mpita njia mwenye njaa. Volkano ilipomwaga moto wake mjini, tulihama na mashine juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, Papa Kakule akisukuma na kofia yake kichwani, mimi nikishika skrini kama mtu anayebeba mgonjwa. Muzee Bahati alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao. Miwani yake aliniachia, sijui kwa nini, maana macho yangu yalikuwa mazima. Nadhani alitaka iendelee kunitazama.

Wakati huo ndipo tuliletewa programu mpya. Ilitengenezwa mbali, na watu ambao sikuwahi kuwaona, ikaja na kitabu kinene kuliko missale ya padri. Ilikuwa na rangi, ilikuwa na kasi, na kwa kweli ilitusaidia. Kila mvulana aliandikwa pamoja na ndugu zake wa kiume katika orodha moja yenye nafasi, wa kwanza hadi wa mwisho, naye mwenyewe akiwa mahali pake kati yao, ametiwa alama. Programu ilitembea kwenye orodha ile nafasi kwa nafasi mpaka imkute mtoto mwenyewe. Ikimkuta, inamtengenezea ufunguo. Baada ya hapo mzazi akija, tunatafuta kwa ufunguo huo.

Halafu vita vikapiga tena upande wa Rutshuru, na barabara ya kuja Goma ikajaa watu, magodoro na mbuzi. Kati ya waliofika alikuwa mwanamke mmoja wa Kiwanja, mwuza vitunguu sokoni, ambaye majirani walimwita Mama Paluku kwa jina la mwanawe wa kwanza. Risasi zilipolia, umati ulikatika katikati. Yeye alibaki na mkubwa mkononi na mdogo mgongoni. Wa tatu, Kasereka, aliyekuwa anatangulia na sufuria ya familia kichwani, alimezwa na watu.

Alikuwa amekuja kwetu mara nyingi kabla sijamjua. Kila alipokuja mchapaji aliandika jina, kijiji na jina la baba, na mashine ikajibu hakuna. Siku moja alikataa kuondoka kwenye benchi mpaka amwone mkubwa wa mashine. Wakaniita. Alikuwa mwanamke mrefu, amejifunga kitenge kimoja tu, kiatu chake kimoja kimeshonwa kwa waya. Hakuwa analia. Nakumbuka hilo kwa sababu ndilo lililoniogopesha.

"Mama," akaniambia, "mashine yenu inasema mutoto wangu haiko. Shemeji yangu anasema, kama mashine inasema haiko, basi alikufa, na Jumamosi tunakaa matanga. Banaisha kutafuta makala ya kupikia batu. Miye nakuuliza weye, mwanamuke kwa mwanamuke. Nilie ao nisilie?"

Katika kitabu kile kinene hapakuwa na jibu la swali hilo. Niliangalia skrini, ikaniangalia. Hakuna, ilisema, kwa herufi nzuri. Nikamsikia Muzee Bahati akikohoa: ni hakuna gani?

"Kwa nini unaamini alifika Goma?" nikamwuliza.

"Jirani yangu alimuona. Kwa macho yake. Alikuwa chini ya bâche, anaandikwa. Na papa moja mwenye kofia ya manyoya."

Papa Kakule alikuwa meza ya pili. Aliacha kuchapa.

"Kofia ni yangu," akasema polepole. "Batoto ni wengi, siwezi kumukumbuka huyu. Lakini kama nilimuandika, iko ndani. Sijaandikaka mutu nusu."

Kama Papa Kakule aliandika, basi mtoto alikuwa amepita mlangoni petu, na mashine iliyomjibu mama yake ilikuwa imejibu kama yule shemeji wa Birere, bila kuinuka. Na kulikuwa na mwanamke mbele yangu ambaye angekaa chini Jumamosi, amkatie tamaa mtoto aliye hai, na makala, yaani makaa ya kupikia waombolezaji, yalikuwa yameshanunuliwa. Nikamwambia Mama Paluku asilie bado. Sikuwa na haki ya kusema hivyo. Nilisema.

Mafuta ya groupe, jenereta yetu, yalikuwa machache siku hiyo, nikaomba wote wazime mashine zao wanipe mimi. Wakanuna, wakazima. Namna yangu ya kutafuta kosa ni ya kijinga, na ninawaachia kama urithi. Siiulizi programu imekosea wapi, kwa maana ingejua ingeacha. Naitaka itaje kwa sauti kila inachofanya. Niliongeza mstari mmoja mlangoni mwa programu, itaje kila mtoto anayeingia, na mmoja mwishoni, itaje kila anayetengenezewa ufunguo. Nikaiendesha. Walioingia walikuwa wengi kuliko waliotoka.

Nikaiendesha mara ya pili, ikawa vile vile. Tulikuwa tumewaambia akina mama wangapi "hakuna" kwa uso mkavu?

Nikachapisha majina ya waliopotelea katikati. Kasereka. Kakule. Mbusa. Kasereka. Katembo. Kakule. Kasereka. Yote yalikuwa majina ya Wanande. Hapakuwa na Mushi, hapakuwa na Muhunde. Nikaufunika ukurasa kwa mkono. Katika mji wetu na katika miaka ile, mtu angesikia kuwa mashine ya ofisi fulani inameza watoto wa kabila moja, kabla ya chakula cha mchana tungekuwa na mawe madirishani. Lakini mashine haina kabila. Kuna kitu ilichokuwa inakutana nacho kwa watoto hawa na hakikuwepo kwa wengine. Nilisoma tena majina yale, na ndipo nikaona jambo la pili. Kati yao wote hapakuwa na Paluku hata mmoja.

Mimi ni mtu wa Bukavu. Nilijua juujuu tu kwamba Wanande huwapa watoto majina kwa zamu ya kuzaliwa, lakini zamu yenyewe sikuijua. Ningeweza kumwuliza Papa Kakule. Badala yake nilichukua chai, nikatoka uani, nikakaa na Mama Paluku kwenye benchi. Nilitaka kumpa chai, na nilitaka kutomwangalia machoni, yote mawili.

"Nihesabie watoto wako wa kiume," nikamwambia.

Akainua mkono, akaanza na kidole gumba. "Paluku, ule mukubwa. Kambale. Kasereka, njo ule ninamutafuta. Na Kakule, huyu wa mugongo."

Nikaangalia. Mkubwa alikuwa anacheza na mawe uani. Mdogo alikuwa mgongoni.

"Na Kambale yuko wapi?"

"Kambale alikufaka. Alikuwa angali ananyonya."

"Lakini umemhesabu."

Akanitazama kama wale watoto walionitazama zamani nilipowauliza jina la baba. "Ni mutoto wangu, mama. Wa pili ni yeye. Ningemupa Kasereka jina la Kambale? Nafasi yake iko."

Chai ilinimwagikia mguuni na sikuisikia. Nikarudi ndani karibu nikimbie.

"Papa Kakule! Mtoto wa Kinande anayekuambia ana kaka yake Paluku, na yeye ni Kasereka, na katikati hakutaja mtu. Unamwandika wapi?"

"Nafasi ya tatu," akajibu, kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi. "Kasereka ni wa tatu."

"Na ya pili?"

"Ya pili ni ya Kambale. Kama mutoto hamutaji, ni kusema alikufa mudogo, hata hakumujua. Nitamuandika nani pale? Na weye mwenyewe uliniambia, Mama Aline, kisicho na kitu nikiache wazi." Akafungua mikono. "Nikaacha."

Alikuwa sahihi, na nilikuwa sahihi nilipomwambia. Wachapaji wengine, wasiojua zamu ile, walipanga majina kwa kufuatana tu bila pengo, na watoto wao walipita salama. Aliyeheshimu nafasi ya aliyekufa ndiye ambaye watoto wake walipotea. Waliotengeneza programu kule mbali walidhani, kama ambavyo mtu yeyote angedhani, kwamba orodha ikikuta tupu imefika mwisho. Kwa hiyo ilifika kwa Paluku, ikapiga hatua, ikakuta null, ikageuka na kurudi. Kasereka alikuwa amesimama hatua moja mbele, na hakuna aliyemfikia. Paluku hakupotea kamwe kwa sababu yeye ni wa kwanza, na kabla yake hakuna nafasi ya mtu aliyekufa.

Kulirekebisha lilikuwa jambo dogo, na hivyo ndivyo makosa makubwa yalivyo. Palipoandikwa kwamba ukikuta null usimame, niliandika uiruke na uendelee mpaka nafasi ya mwisho. Juu yake nikaweka ule mstari wa maelezo, ili fundi atakayekuja baada yangu na akili zake nyingi asije akaona ni upuuzi akaurudisha wa zamani. Groupe ikakohoa. Nikaiendesha.

Wakatoka. Jamani, wakatoka. Majina yalipanda kwenye skrini mmoja baada ya mwingine, Kasereka wa Kanyabayonga, Mbusa wa Kiwanja, Katembo wa Kirumba, watoto tuliokuwa nao nyumbani mwetu wakati wote tukiwaambia mama zao hawapo. Nilipiga kelele ambayo haifai kwa mwanamke wa Kikatoliki aliye kazini. Papa Kakule alivua kofia. Ndiyo siku niliyojua kuwa ana upara.

Lakini mwanamke wangu alikuwa bado kwenye benchi, na akina Kasereka walikuwa wengi. Jina hilo peke yake halikusaidii. Liite kwenye soko la Butembo uone nusu ya soko ikigeuka. Kwa jina la baba sikupata mtu; labda mtoto hakulijua. Basi nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya. Nikaiambia mashine initafutie Kasereka wa Kiwanja mwenye Paluku nafasi ya kwanza, na nafasi ya pili pasiwe na mtu. Nilitafuta kwa kutumia lile pengo lenyewe. Yule mtoto aliyekufa akinyonya ndiye aliyeninyooshea kidole.

Akabaki mmoja. Chini ya habari zake Papa Kakule alikuwa ameandika neno la mwisho, kwa utaratibu wake: "Hakubali kuachilia sufuria."

Nilimwonyesha Papa Kakule kwa kidole, naye akaenda dirishani kukagua hali ya hewa.

Mtoto alikuwa amewekwa kwa familia ya kupokea watoto hapo hapo Birere, kwa mwanamke mwuza maandazi. Tulichukua moto mbili, pikipiki za abiria, Mama Paluku na wanawe mbele, mimi nyuma yao nikimwomba Bikira Maria kwamba isiwe Kasereka mwingine. Sikuwa nimemwambia mama yule kwamba ni yeye. Nilimwambia tunaenda kuangalia. Kuna kazi ambayo mashine haiwezi kukufanyia, nayo ni kutazama uso wa mtu kama umekosea.

Uani kwa mwuza maandazi mvulana mmoja alikuwa amechuchumaa, anasugua kitu kwa majivu. Akainua kichwa. Mama Paluku alisimama hapo mlangoni, na neno la kwanza lililomtoka, namwapia kila anayesoma, lilikuwa la ukali.

"Na sufuria yangu?"

Mtoto akaiinua ile aliyokuwa anasugua. "Iko, mama. Nimeitunza."

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti iliyotoa watu madukani, akamkumbatia mtoto na sufuria pamoja, majivu yakampaka kifua kizima, na Paluku akawazunguka wote akirukaruka, na mwuza maandazi akalia, na motard wangu, kijana mwenye sura ya mtu asiyeonea huruma hata abiria, akajifuta kwa glavu. Mimi nilicheka. Sijui kwa nini wengine wanalia kwa furaha. Mimi hucheka, na siku ile nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Makala yale yalipikiwa Jumamosi kama yalivyopangwa. Shemeji alichinja mbuzi badala ya kukaa matanga, na sufuria iliyopikiwa ni ile. Juma lililofuata majina ya watoto wengine yalisomwa kwenye radio na baada ya misa katika parokia zote, na benchi letu la uani likajaa tena, safari hii na watu waliotoka wakiimba. Waliotengeneza ile programu niliwaandikia. Walijibu kwa adabu, wakaingiza mstari wangu kwa kila ofisi iliyoitumia, na wakauliza kama "Kambale" ni neno la kiufundi. Niliwajibu ndiyo.

Jambo moja limebaki, Christian. Kabla ya kurudi Kiwanja, Mama Paluku alipita ofisini na Kasereka mkononi, akataka aonyeshwe mahali mtoto wake alipokuwa amejificha. Nilimwekea kiti. Nikamfungulia orodha kwenye skrini: Paluku, halafu nafasi tupu, halafu Kasereka, halafu Kakule. Hakujua kusoma vizuri, kwa hiyo nilimwonyesha kwa kidole, mmoja mmoja.

Kidole kilipofika kwenye ile tupu aliushika mkono wangu.

"Hapa njo Kambale?"

"Ndiyo, mama."

"Musimuweke mutu mwingine hapa."

"Hatutamweka."

Akauliza ni maneno gani niliyoyaandika ndani ya mashine kwa ajili yake. Nikamsomea: usisimame hapa, ni nafasi ya Kambale. Akaomba nisome tena. Nikasoma tena. Akaigusa skrini mahali pale palipo wazi, kidogo tu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala, kisha akainuka na kujifunga kitenge chake vizuri.

"Sasa ni vizuri," akasema. "Batoto yangu yote iko."